Utando

Takaoka, mwezi wa pili. Theluji imefika madirishani,
madirisha ya kiwanda cha madirisha.
Ghorofa ya pili, chumba kisicho na vumbi,
navaa glavu, nashika kibao cha alumini
kwa koleo, pembeni kabisa,
kama ashikaye picha ya mtu asiyemjua.

Metali hii haikai uchi.
Ukiikwaruza, kabla hujainua kisu
hewa imekwisha kuivika:
nanomita mbili, tatu, nne siku za unyevu.
Pasua unywele mmoja mara elfu ishirini
ndipo uupate unene huo.
Kipya kinyemi, walisema, ingawa kidonda.
Hapa kidonda hakiwahi hata kuitwa kipya.

Basi metali siiulizi. Nauliza nuru.
Naituma kwa pembe ya digrii sabini,
imechanwa upande mmoja,
inagonga, inarudi imepinda kidogo,
na huko kupinda ndiko ushahidi.
Miaka kumi na minne napima utando,
sijauona hata siku moja.

Saa nne usiku Tatsue anapiga simu
kutoka jengo la pili, yeye na mashine yake ya eksirei
inayong'oa elektroni na kuzihesabu.
"Kibao namba kumi na saba. Umepata ngapi?"
"Tano nukta sita."
Kimya. Namsikia akimeza chai.
"Mimi nne nukta moja."

Tunagombana kwa adabu hadi saa sita.
Anasema nahesabu uchafu wa hewa kuwa utando.
Nasema anaisahau magnesi,
iliyopanda juu tulipoichoma aloi
ikajichanganya na wenyeji kama mgeni aliyezoea jikoni.
Anasema uso una mikwaruzo ya rola.
Nasema najua.
Bwana Iwakura, aliyetufundisha sote wawili,
aliacha penseli yake pembeni mwa daftari:
Andika namba. Kisha andika unachokisia.
Safu ya pili ndiyo hujaa kwanza.

Nikakata simu. Nikafungua mkoba.
Kifuniko cha kikasha cha chakula cha bibi yangu:
alikibeba kazini miaka kumi na mmoja,
wali mweupe, na katikati
plamu moja nyekundu ya chumvi,
kila adhuhuri palepale.
Chumvi na ukali vikala utando, utando ukajishona,
vikala tena, ukajishona tena,
mpaka metali ikachoka.
Kuna tundu, dogo kuliko ukucha.
Taa ya dari inapita hapo.

Hairuhusiwi. Nilikiosha kwa asetoni,
nikakilaza chini ya mwale, ukingoni mwa tundu.
Mashine ikatafuta. Ikatafuta.
Ikaniletea nanomita mia mbili,
na kosa kubwa kuliko jibu lenyewe,
kisha mstari mwekundu: mfano haulingani na uso.

Safu ya kwanza nikaandika: hakuna.
Safu ya pili nikaandika plamu,
nikaandika siku za kazi, kama elfu tatu na mia tatu,
nikaandika kwamba alikataa kununua kingine;
kwamba kila asubuhi alikata kiduara cha karatasi
akakitandika chini ya tundu, juu ya wali,
na jioni akakitupa kikiwa chekundu.
Unene wa karatasi naujua bila mashine.
Nanomita laki moja.

Alfajiri gari la kuzoa theluji lilipita likitetemesha meza.
Ujumbe wa Tatsue ukaingia:
"Nimesafisha upya. Nne nukta nane. Na wewe?"
Sikumjibu papo hapo.
Nilikuwa nimekishika kifuniko bila glavu,
nikikiongezea mafuta ya vidole.